Shamba Lililopewa Likizo

Naandika haya kwa mkono wa kulia, mkono uleule uliotia sahihi. Msomaji akiona mwandiko unayumba asidhani ni pombe. Sinywi. Ni aibu tu, nayo aibu katika nchi yetu haimo kwenye orodha ya magonjwa yanayompa mtumishi ruhusa ya kubaki nyumbani.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga. Kulitaja jina lake katika maandishi kunahitaji kibali, na ofisi nzima ya vibali iko kwenye semina tangu mwaka juzi. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na viongozi wake wanaipenda mno. Wengine wameipenda hadi wameimega vipande na kwenda navyo nyumbani ili wavitunze kwa karibu.

Mimi naitwa Sempombe. Nilikuwa bwana shamba wa Wilaya ya Mteremkoni, ambayo imekaa kama jina lake. Ukiangusha chungwa sokoni kwetu usihangaike kuinama. Shuka polepole, utalikuta mtoni. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wakulima mambo waliyokuwa wakiyajua, nao walinisikiliza kwa adabu na kunifungia ndizi za kwenda nazo. Tuliishi vizuri namna hiyo mpaka serikali ilipogundua kwamba ardhi imechoka.

*

Aliyegundua ni Waziri. Alikwenda ng'ambo kwenye mkutano wa uhifadhi, akakaa wiki mbili, akarudi na mabegi sita na wazo moja. Wazo hilo alilitangaza redioni jioni ileile, kabla halijapoa.

"Ndugu wananchi! Karani wa serikali ana likizo ya siku ishirini na nane kila mwaka. Mhudumu wa ofisi anayo. Hata mimi, pamoja na mzigo wote huu, ninayo! Je, ardhi? Ardhi yetu imetumikishwa tangu enzi za mababu bila hata Jumapili moja! Imekonda! Imekohoa! Na sisi tunaendelea kuipiga jembe mgongoni! Nauliza, huu si ukoloni?"

Tuliokuwa tukisikiliza pale dukani tulipiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa ananunua chumvi alisema hajawahi kuisikia ardhi ikikohoa, tukamwambia anyamaze, hajasoma.

Basi ikaundwa Ruzuku ya Likizo ya Ardhi. Mwenye shamba akiacha kulitesa likapumzika, serikali itamlipa. Fedha zilitoka kwa wafadhili wanaoipenda sana ardhi yetu na ambao hawajawahi kuiona. Fomu ya maombi ilikuwa ya kurasa tisa, na mwenye shamba aliijaza kwa niaba ya shamba. Jina la shamba. Tarehe ya kuzaliwa. Hali ya ndoa. Shamba linatarajia kwenda kupumzikia wapi? Niliwashauri watu waandike "hapo hapo". Wawili walioandika "kwa mjomba" walirudishiwa fomu zao ili waambatanishe makisio ya nauli.

Wa kwanza kuomba alikuwa mbunge wetu, Mheshimiwa Mfumbwa, ambaye pia ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Likizo. Yeye alikuwa na jabali. Ni jiwe moja pana, jeupe, limelala chini kabisa ya mlima kando ya mto, na hata mbuzi wakilikaribia hugeuza njia kwa heshima. Nilikwenda kulikagua. Fomu iliuliza: "Je, ardhi hii inalimwa?" Nikaandika: "Hapana." Ikauliza: "Je, imepumzika kwa muda gani?" Nikaandika: "Tangu kuumbwa kwa dunia." Mheshimiwa akalipwa malimbikizo.

Naomba jambo hili lieleweke: mpaka hapo sikuwa nimedanganya. Kila nilichoandika kilikuwa kweli tupu, na nililala usingizi mzito. Waliofuata waliandikisha uwanja wa mpira, kipande cha barabara kuu na makaburi ya misheni, ambayo wakaaji wake nao wamepumzika. Nilikagua yote, nikaona kweli hakuna anayelima, nikaweka mhuri.

Wakulima wenyewe walichelewa kujiandikisha kwa sababu walikuwa shambani.

*

Sheria ile ilikuwa na mkia, na mkia ndio uliotuuma. Kifungu cha mwisho kilisema kuwa shamba lolote lisilokuwa na cheti cha likizo kufikia tarehe fulani litahesabiwa kuwa linateswa, litaondolewa mikononi mwa mtesaji na kukabidhiwa mtu mwenye huruma. Orodha ya watu wenye huruma ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Mfumbwa.

Barua za onyo zilitoka. Moja ilikwenda kwa Bibi Nakundwa.

Bibi Nakundwa ni mjane, na shamba lake liko juu kabisa, pale mlima unapokaza shingo. Kabla sijaenda mbele lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo msomaji hataona nilichokifanya. Mteremkoni mtu haendi msibani mikono mitupu. Akisikia kilio anashuka mtoni, anachagua jiwe, analibeba begani mpaka kwa wafiwa, anasema pole, analiweka uani. Arobaini ikipita wafiwa huyajengea mawe yale kwenye matuta ya shamba lao yazuie udongo. Ndiyo maana kwetu nyumba iliyolia sana ndiyo yenye udongo mzuri. Jiwe la pole halirudishwi na haling'olewi.

Bibi Nakundwa alizika mume na watoto watatu. Shamba lake lilikuwa na matuta kumi na moja, yamepangwa moja juu ya jingine kama ngazi ya kupandia mbinguni, na udongo wake ulikuwa mweusi hadi ukiushika unaona haya kunawa. Migomba, maharage, magimbi, na chini ya tuta la mwisho kijichemchemi kisichokauka hata Januari. Chuoni tulifundishwa uhifadhi kwa picha za mashamba ya nchi nyingine, nami nilipoziona nilisema moyoni: hili si kama la Bibi Nakundwa, ila la kwake ni zuri zaidi?

Tena aliyajua mawe yake kama watu wanavyowajua kuku wao. "Hili la Kibacha," alikuwa akiniambia, "alilipandisha na goti lake lile bovu, mara tatu akakaa njiani. Hili la walimu wa shule, walilibeba wawili wakagombana. Na hili jekundu la mama yako. Alilileta nilipomzika Eliya wangu. Alikuwa na mimba yako, nikamwambia wewe Mwasiti una wazimu."

Jiwe lile jekundu lilikuwa kwenye tuta la saba. Nikipita pale nililigusa.

*

Alikuja ofisini Jumatano asubuhi, kafunga kanga mbili safi, barua kaikunja ndani ya kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeandikiwa kwamba nalitesa shamba. Nimekuja unionyeshe nalitesa wapi, niache."

Nilicheka, nikamkaribisha kiti, nikamjazia fomu mwenyewe. Tulikwenda vizuri mpaka kipengele cha saba: "Taja uharibifu unaofanya sasa, ambao utauacha ukilipwa."

"Sina," alisema.

"Fikiri mama. Hukati miti?"

"Nilikata mmoja, mwaka ule wa jeneza la baba yao. Nikapanda sita."

"Huchomi nyasi? Hulimi kufuata mteremko?"

"Mwanangu, nilime kufuata mteremko nina kichaa?"

Nikafunga kalamu. Kwa mujibu wa kanuni, Bibi Nakundwa hakuwa na sifa. Ruzuku ilikuwa ya watu wanaoacha kuharibu, na yeye hakuwa na cha kuacha. Asipopata ruzuku hana cheti, asipokuwa na cheti analitesa shamba. Nikampigia simu Mheshimiwa Mfumbwa, mbele yake, nikijiona ninamtetea.

"Sempombe," Mheshimiwa aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli, "mtu asiyevuta sigara utampongeza kwa kuacha sigara? Tutawaambia nini wafadhili? Mwambie mama aharibu kidogo. Kamati inakuja Jumanne, tunapiga picha, anatia kidole kwamba ameacha, tunampa cheti. Serikali haina ugomvi na mtu anayejirekebisha."

Laiti ningesema wazo lile lilinichukiza. Lilinifurahisha. Niliona ni njia safi, ya haraka na ya halali, na kwamba mimi ndiye niliyempatia. Alhamisi nilipanda mlima nikipiga mluzi.

*

"Mama, tutafungua matuta," nilimwambia. "Siku tano tu. Jumanne wanapiga picha, Jumatano naita msaragambo, kijiji chote kinajenga upya, na mimi mwenyewe nitabeba."

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Mawe ya msiba hayang'olewi."

"Si kuyang'oa, mama. Tunayapa likizo."

Nilisema hivyo, nikacheka. Kila nikiikumbuka sentensi hiyo natamani mtu angekuwa amenipiga kibao kabla sijaifikisha nukta.

Bibi Nakundwa aliweka ungo chini. "Mimi karatasi sizijui," alisema. "Wewe umesoma, na umetoka kwa mtu mkweli. Angekuja mwingine ningemfukuza na mchi. Lakini kama ni wewe unayesema, nitafanya."

Nilidhani matuta manne yangetosha, lakini kanuni ilitaka "uharibifu wa wazi unaoonekana kutoka barabarani". Tukafungua yote kumi na moja. Hakukubali mawe yatupwe ovyo. Aliyapanga uani kifamilia, ya akina Kibacha peke yake, ya walimu peke yake, na kila fungu alilisemesha kidogo kwa sauti ya chini. Jiwe jekundu nililibeba mimi. Lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea, nikashangaa mwanamke mjamzito alilipandishaje.

Jumatatu jioni shamba lilikuwa wazi kama mgongo wa mtu aliyevuliwa shati. Nikamwambia hongera.

*

Jumanne Kamati ilifika, wajumbe kumi na wanne, ikafikia nyumba ya wageni ya wilaya, ikanywa chai. Ndipo zilipogawiwa kofia.

Kofia zilikuwa za kijani, zimeandikwa mbele ARDHI NAYO IPUMZIKE. Zilishonwa makao makuu kwa kipimo kimoja, na ile ya Mheshimiwa Mfumbwa haikuingia. Mheshimiwa ana kichwa kikubwa. Watu wetu husema ndimo yanamokaa maendeleo ya wilaya. Waliinyoosha juu ya sufuria ya mvuke, wakaipasua kidogo kwa nyuma, wapi. Mkuu wa itifaki akafungua kitabu chake, akatangaza kwamba kuingia katika ardhi inayotarajiwa kupumzika bila kofia rasmi ni kuivunjia heshima ardhi. Kofia ikarudishwa makao makuu ikashonwe upya, na Kamati ikabaki kuisubiri, maana posho zake zilihesabiwa kwa siku.

Nikapanda mlima kumwarifu Bibi Nakundwa.

"Kofia ya nani?" aliuliza.

"Ya Mheshimiwa."

"Haya."

Wiki ya kwanza ikapita. Nikapanda tena. Alikuwa amekaa mlangoni akitazama upande wa kusini, ambako mawingu hukusanyikia kwetu.

"Mwanangu, nirudishe walau matatu ya juu?"

Hapa ndipo ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja, na jua lilikuwa bado kali. Lakini nilifikiria picha. Nilifikiria Mheshimiwa akifika na kukuta uharibifu nusunusu, aniulize mimi ni bwana shamba gani.

"Subiri kidogo, mama. Kofia iko njiani."

"Na mvua nayo inasubiri kofia?"

Nilicheka tena. Nilikuwa mwepesi wa kucheka siku zile.

Wiki ya pili alituma mtu kuniuliza. Nikajibu: asubiri.

*

Ilinyesha Jumamosi mchana. Nilikuwa nimekaa kula, wali na mchicha, nikasikia bati linaanza polepole, kisha nikaacha kusikia kitu kingine chochote. Sikumaliza chakula. Nilipanda mlima nikishika nyasi, nikianguka, na maji niliyokutana nayo njiani yalikuwa meusi. Niliuona ule weusi nikaujua.

Nilimkuta Bibi Nakundwa katikati ya shamba, maji magotini, beseni mkononi. Alikuwa anauteka udongo unaopita, anapanda nao hatua tatu, anaumwaga nyuma ya nyumba, anarudi. Anateka, anapanda, anamwaga. Hakulia. Aliponiona alinyoosha mkono, nikaelewa anataka beseni jingine, nikaenda kulichukua jikoni. Tuliteka wote wawili mpaka mvua ilipokatika. Tulipata fungu lisilotosha hata kupanda mgomba mmoja.

Shamba halikuwepo. Palikuwa na korongo jekundu kuanzia uani hadi barabarani, kina chake mtu na nusu, na pembeni mwamba mtupu umeoshwa safi. Chemchemi ilikuwa imefukiwa. Migomba ilikuwa imeondoka na mashina yake, na uani, mawe ya msiba yalikuwa yamekaa pale pale, kifamilia, hata moja halikutikisika.

"Pole mama," nilisema.

Alisonya kidogo. Alikuwa anatazama mikono yangu, ambayo haikuwa imebeba jiwe.

*

Kofia ilifika Jumatatu, ikaenea barabara. Kamati ikapanda mlima.

Ninalazimika kuripoti kwamba Kamati ilifurahishwa mno. Mheshimiwa Mfumbwa alisimama ukingoni mwa korongo, akashika kofia isije ikaanguka, akahutubia:

"Ndugu wajumbe! Nimetembea majimbo kumi na mawili. Nimeonyeshwa uharibifu wa kubahatisha, uharibifu wa uvivu, uharibifu wa watu wasiojituma. Lakini huu! Huu ni uharibifu uliokamilika! Mama huyu, kwa mikono yake mwenyewe, na kwa umri wake, amefikia viwango vya kimataifa!"

Akatoa leso, akajifuta macho. Wajumbe wakapiga makofi ya kilo. Mpiga picha alipiga picha arobaini. Kisha Bibi Nakundwa akaletewa karatasi, akatia kidole gumba kwamba kuanzia leo ameacha.

Cheti alipewa. Ruzuku ilikwama. Mtaalamu mmoja wa Kamati alieleza kuwa likizo hupewa ardhi inayotarajiwa kurudi kazini, na hii haitarudi. Hii kwa lugha ya kanuni haiko likizoni, imestaafu. Mafao ya ardhi iliyostaafu hushughulikiwa makao makuu, na faili lilikwenda huko, na nimesikia kwamba bado linatembea. Walisimika kibao pembeni mwa barabara: KORONGO LA MFANO. Watu huletwa kwa mabasi kujifunza.

Wala shamba halikuchukuliwa na mtu mwenye huruma. Hakuna aliyelitaka. Kwa hiyo nilichomwahidi Bibi Nakundwa, kwamba hatanyang'anywa, nilikitimiza.

*

Udongo wa Mteremkoni hauishii hewani. Ulishuka wote mpaka chini, ukafika kwenye lile jabali jeupe la Mheshimiwa, ukaona pana na tambarare, ukatulia. Wiki mbili baadaye jabali halikuonekana tena. Palikuwa na bonde jeusi, linanukia mvua.

Mheshimiwa hakukawia. Aliifufua aya moja ya sheria iliyokuwa imelala, inayohusu udongo mkimbizi: mwananchi anayeupa hifadhi udongo uliokimbia mateso kwingineko anastahili ruzuku maradufu. Ilihitajika sahihi ya bwana shamba.

Tulikwenda pamoja, yeye na kofia yake. Maharage yalikuwa yamekwisha kuota pale chini, yenyewe, bila kupandwa. Ni yale madogo ya zambarau yenye doa, na Mteremkoni nzima anayo mtu mmoja tu. Nilipotembea nikakanyaga kigae cha chungu. Nikakiokota. Nilikula mara ngapi kwa Bibi Nakundwa kutoka katika chungu kile? Nikakirudisha chini taratibu.

"Andika, Sempombe," Mheshimiwa alisema, akaniwekea mkono begani. "Unajua nafasi ya Mkaguzi Mkuu wa Likizo iko wazi. Wanatafuta mtu makini, asiyedanganya kwenye fomu."

Kipengele cha kwanza: "Je, udongo umepokelewa?" Ndiyo. Cha pili: "Je, unatunzwa?" Ndiyo. Cha tatu: "Asili ya udongo."

Jua lilikuwa limepanda. Nilisimama na kalamu, nikaona kwa mbali juu kabisa ya mlima kitu chenye rangi ya kanga kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka. Nilimwogopa Mheshimiwa, huo ndio ukweli, na cheo nilikitaka, huo nao ni ukweli, na sijui kipi kilinishika mkono zaidi. Nikaandika: "Haijulikani."

Nikatia sahihi. Kalamu haikukataa, mkono haukukataa. Wino ulikauka haraka kwa sababu ya jua.

*

Sasa nina ofisi ghorofani, meza pana, na feni kubwa darini. Feni ile ina shida moja, inapeperusha karatasi. Miezi ya kwanza nilikuwa nikiinama siku nzima kuokota likizo za watu sakafuni.

Bibi Nakundwa alikuja siku ya Ijumaa, na kikapu kichwani. Karani alitaka kumzuia kwa kuwa hakuwa na miadi, nikamwambia mwache. Nilisimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ofisi nzuri."

"Ya serikali, mama. Karibu kiti."

Hakukaa. Alitua kikapu taratibu juu ya meza. "Nimeanza kupanga mawe upya," alisema. "Tuta la chini limefika kiunoni. Udongo hakuna, ila nitakinga utakaokuja. Sasa nataka wa kuanzia, ushike mbegu. Nilishuka pale chini kwa Mheshimiwa na ndoo, askari akanifukuza, akasema niombe kwako. Nataka ndoo moja. Mbegu za maharage nitaziokota humohumo."

Nilifungua droo. Fomu ya kuomba udongo mkimbizi ipo, ni ya kurasa sita. Nikamweleza kwa sauti laini kwamba ijazwe nakala tatu, ipitishwe kijijini, halafu isainiwe na mwenye hifadhi, yaani Mheshimiwa mwenyewe, na kwamba kwenye kipengele cha tatu aeleze uhusiano wake na udongo. Nikasikia sauti yangu ikieleza yote hayo. Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu aliyesoma.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku zote. Fomu hakuichukua. Akaingiza mikono yote miwili kwenye kikapu, akatoa jiwe jekundu, akaliweka mbele yangu.

"Pole, mwanangu."

"Mama, jiwe la pole halirudishwi."

"Silirudishi. Nakuletea. Wafiwa huletewa."

"Nani amekufa?"

Akanitazama kama tunavyomtazama mtu aliyetoka safarini na hajaambiwa bado. Akanishika mkono, huu wa kulia, akautikisa mara moja kama inavyofanywa msibani. Kisha akajitwika kikapu kitupu akashuka ngazi.

Desturi inataka arobaini ikipita jiwe lijengewe shambani. Mimi sina shamba. Nyumba niliyopewa na serikali imesakafiwa uani kote. Siku ya arobaini nililitia jiwe kwenye mkoba nikapanda mlima, nikafika hadi kwenye kibao cha Korongo la Mfano. Nilimwona. Alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la pili akipima jiwe na pengo, analigeuza, analijaribu tena. Nilitaka kumwita. Ningesema nini? Kwamba nimeleta la mama, anipe pengo moja tu kwenye tuta la saba, atakapolifikia? Basi la wageni likasimama nyuma yangu, wakashuka wakiuliza kama mimi ndiye mwongozaji.

Nikarudi nalo. Liko mezani, juu ya fomu zenu, na feni ikizunguka hakuna hata moja inayopeperuka.